Toto kwenye Karatasi ya Sita

Akurut alifika darasa la sita akaachia hapo, lakini kalamu hakuisahau. Tangu mwanawe Okiria aanze shule pale Chakol, kila karatasi iliyotoka kwa mwalimu ilirudi na neno moja chini: Toto. Kwa Kiteso, toto ni mama. Ripoti ya muhula, Toto. Ruhusa ya ziara, Toto. Siku kijana alipopasuliwa tumbo, daktari alipewa karatasi yake imeandikwa Toto, na akapasua.

Okiria akakua, akasimama uwakilishi wa wadi.

"Mama," alimwambia wiki ya mwisho ya kampeni, "urais uko na mlango wa pili. Mtu akikosa nusu ya kura na moja juu, ama akose robo kwa kaunti ishirini na nne, wawili wa mbele wanarudi tena. Huku kwetu chini hakuna hiyo. Aliye mbele hata kwa kura moja, amechukua. Usilale."

"Nilale aje na wewe uko kwa karatasi?"

Jumanne ya kura alifika mapema. Mashine ikasoma kidole, karani akampa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge, na ya mwisho ya wadi, rangi ya chai ya maziwa.

"Tiki moja kwa kila karatasi, mama. Usiandike kitu kingine."

"Nimesikia."

Na alisikia, msomaji. Usiseme huyu hakuambiwa.

Zile tano alizipiga tiki kama mtu anayechambua maharagwe. Ya sita ilikuwa na sura ya Okiria, ndogo kama stempu. Akaweka tiki. Akaitazama. Tiki ni ya mwalimu, huwekwa kwa hesabu ya mtoto wa yeyote. Haina mwenyewe. Mkono ukateremka vile ulivyozoea, ukaandika Toto. Akakunja, akatumbukiza kwenye sanduku la kifuniko cha rangi ile ile, akaenda nyumbani kumenya mihogo.

Alhamisi asubuhi matokeo yalitangazwa. Emukule, elfu mbili mia moja na tano. Okiria, elfu mbili mia moja na nne.

Watu wakaja kukaa nao kama wanaokuja matanga. Akurut akamimina chai. Brendah, wakala aliyemlindia Okiria kura katika kituo kile, ni mtu wa Mundika na Kiteso hakijui. Aliona kimya kimezidi, akataka kuwachangamsha.

"Wacha niwape ya kucheka. Kuna karatasi moja ilikuwa yetu kabisa, tiki safi kwa Okiria, halafu chini imeandikwa Toto! Msimamizi akaiinua tuone wote. Nikamwambia, boss, si huyu ameonyesha anataka nani? Akasema maandishi ya kumtambulisha mwenye kura yanaiharibu, hata kama tiki ni nzuri. Ikaenda kwa zilizoharibika. Wakala wa Emukule alicheka akashika ukuta. 'Nani ameingiza mtoto kwa kibanda?'"

Wawili watatu walicheka. Wengine, Wateso wenyewe, walitazama vikombe vyao.

"Nimesema nini?" Brendah akauliza.

Okiria aliweka kikombe chini. "Mama."

"Ee."

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Kama ya shule."

"Kama ya shule."

Mtu mmoja karibu na mlango akasema polepole, "Basi zingelingana."

Akurut alingoja mwanawe amfokee. Okiria alisema tu kwamba chai imepoa. Akurut akaichukua akaipasha moto. Alitafuta uchungu ndani yake, akapapasa kama mtu anayetafuta sukari kwenye kopo tupu. Chai ikachemka ikamwagika jikoni, naye amesimama hapo hapo anaiangalia.

Jumapili baada ya misa habari ilikuwa imeshafika Malaba na kurudi, imenenepa.

"Umesikia ya Toto?" jirani yake Atyang akamwuliza, mdomo umeshajaa kicheko. "Ati aliandika barua nzima!"

"Ni mimi. Na si barua, ni neno moja."

Kicheko cha Atyang kilikatikia hapo. "Woi, dada."

"Kijana wako pia anasema atasimama. Siku hiyo ukipewa kalamu, tiki moja, halafu mkono utoke. Usimbariki hapo. Usimsalimie. Mbariki nyumbani."

Jioni Winny, binti wa Okiria, alileta ripoti ya muhula. Wazazi wake walikuwa wamekwenda kubandua mabango ya kampeni barabarani, na siku zote ni nyanya aliyesaini wakikosekana.

"Hapa, nyanya. Kwa mstari."

Akurut alishika kalamu, akaishusha pale Toto huanzia. Kisha akaweka tiki, moja, katikati ya mstari, akamrudishia.

"Nyanya, hii si saini."

"Peleka tu," akasema.

Mtoto akasimama pale na karatasi yake, hajui aende au angoje.