Siku Kumi na Tisa za Pete Nzima

Kazini walimwita Mama Taa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye baridi ya mashine na kutazama taa. Zilikuwa kumi na moja, ndogo kama punje za mtama, zimepangwa duara kwenye kioo cha kompyuta. Kila taa ilikuwa kituo: hospitali, ofisi ya maji, zimamoto, kituo cha magari ya wagonjwa, na vingine ambavyo mtu hakumbuki kwamba vipo mpaka vizimike. Vyote viliunganishwa na waya mmoja wa faiba uliouzunguka mji na kurudi pale ulipoanzia. Wenyewe waliuita pete.

Ubora wa pete ni kwamba data ina njia mbili za kufika. Ikizibiwa mbele, inageuka na kupitia nyuma. Siku za kawaida mlango mmoja wa kupitishia data, ule wa kituo cha saba, unafungwa makusudi, maana data ikiachiwa duara lote itazunguka bila kufika popote mpaka mtandao uzidiwe. Waya ukikatika, mlango wa saba unafunguka wenyewe, kufumba na kufumbua, na mjini hakuna anayejua lolote. Daktari anatuma picha zake, karani wa maji anapiga miayo mbele ya kompyuta yake, maisha yanaendelea. Na balaa liko hapo hapo. Pete iliyokatika mahali pamoja inafanya kazi sawasawa na pete nzima, isipokuwa kwamba haina tena pa kugeukia.

Ilikatika Jumanne, saa tatu asubuhi, chini ya daraja. Pengine panya, pengine jiwe. Mama Taa aliona mlango wa saba umefunguka, kengele ikalia, akainyamazisha. Alisubiri simu ya mtu yeyote wa kulalamika. Haikuja hata moja.

Sasa lazima niseme habari za ubao. Meneja wao alikuwa mtu mwema, mpole, na mgonjwa wa ubao. Ulikuwa ukutani nyuma ya meza yake, umeandikwa kwa chaki: SIKU BILA PETE KUKATIKA. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, alifuta namba ya jana na kuandika ya leo, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu anayemtazama mwanawe wa kwanza akitembea. Jumanne ile namba ilikuwa mia mbili tisini na moja. Wakubwa kutoka makao makuu walikuwa wanakuja siku ya mia tatu, na meneja alikwisha nunua tai.

Fomu ya kila siku ilikuwa na kisanduku kimoja tu: Hali ya pete. Mama Taa alishika kalamu, akaikumbuka ile tai. Akajiambia mafundi wa darajani wako kazi nyingine mpaka Alhamisi, hakuna aliyekosa huduma, kesho ataandika vizuri. Akaandika: nzima.

Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa angeandika ukweli angeulizwa habari za jana. Alhamisi angeulizwa habari za siku mbili. Wakubwa wakaja, wakapiga makofi, wakanywa soda, wakaondoka, na bado hakuweza, kwa kuwa ilikwisha kuwa siku ya kumi na uongo haukuwa tena uongo mdogo. Nyumbani mama yake alimpigia simu jioni kama kawaida. "U mzima, mwanangu?" Neno lile lile. Akajibu, "Mzima, mama."

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, simu ya mezani ililia. Alikuwa Mzee Kijiko, dereva wa mtambo wenye kijiko cha kuchimba mitaro, mtu wa miaka hamsini na tisa ambaye hakuwahi kukata waya wala bomba maishani mwake, na alipenda kulisema hilo hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo."

"Marahaba. Niko kona ya soko, kwenye mtaro wa maji. Ramani yenu inasema waya uko mita mbili pembeni. Nishushe kijiko au nichimbe kwa majembe?"

Sheria ilikuwa wazi, na ndiyo sababu alipiga simu. Pete ikiwa nzima, mtambo unaruhusiwa. Pete ikiwa na kasoro popote, hakuna mtambo karibu na waya, ni majembe na mikono, hata kama itachukua siku tatu. Mama Taa aliutazama mlango wa saba. Ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa wazi siku zote kumi na tisa. Kusema "majembe" kungemfanya mzee aulize kwa nini, na msimamizi wake aulize kwa nini, na meneja aulize.

"Shusha tu, mzee wangu," alisema. "Pete nzima. Hata ukiugusa, data itageuka kabla hujapangusa jasho."

Mzee akacheka. "Mimi niguse? Labda siku nikiwa kipofu."

Ramani ilikuwa na makosa. Dakika ishirini baadaye taa nne zilizimika kwa mpigo, zote za upande wa kati ya daraja na soko, na moja yao ilikuwa ya kituo cha magari ya wagonjwa. Alibonyeza, akazima, akawasha, huku akijua fika kwamba hakuna cha kubonyeza: data ilikuwa imegeuka na kukuta nyuma nako hakuna njia. Mafundi waliunga waya wa soko kwa saa tatu na dakika kumi. Saa zile zote, kila aliyeita gari la wagonjwa aliambiwa na sauti ya kike, tulivu, kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Meneja aliingia ametoka jasho, tai imekwenda upande. "Mbona haikugeuka? Si pete hii? Si ndiyo kazi yake?"

Hapo angeweza kusema. Mdomo wake ukafunguka na kusema kitu kingine kabisa: "Ni mshtuko. Kijiko kimeuvuta waya kwa nguvu, swichi zikashtuka, pete ikashindwa kugeuka."

Lilikuwa jambo la kipuuzi. Ndani ya faiba kuna mwanga tu, na mwanga haushtuki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angecheka. Lakini meneja alikuwa mtu wa makaratasi, na neno "mshtuko" lilimkaa vizuri mdomoni, akaliandika kwenye taarifa. Kesho yake Mama Taa akawatuma mafundi darajani kwa jina la ukaguzi, wakauunga waya. Pete ikawa nzima kweli, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu aliandika neno hilo bila uongo.

Siku ya pili yake habari zikafika ofisini. Mdogo wa mke wa Mzee Kijiko, mwanamke aliyelelewa nyumbani kwao tangu mdogo na kushona nguo chumba cha mbele, alibanwa na pumu asubuhi ile. Dada yake alipiga namba ya gari la wagonjwa mara kumi na moja. Mwishowe majirani walimpakia kwenye gari la kubebea mchanga. Alifika hospitali amekwisha kata roho.

Mama Taa alizipokea habari hizo akiwa amesimama na kikombe mkononi. Alikiweka mezani taratibu sana, akaenda chooni, akajifungia, akauma kitambaa chake ili asisikike. Alijiambia hakujua. Kisha akajiambia kwamba alijua, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kujua.

Siku ya kumi na mbili baada ya msiba, Mzee Kijiko aliitwa kwenye kikao. Walikuwa watatu tu chumbani kwa meneja, chini ya ubao uliosomeka kumi na mbili. Mzee alikuwa amekonda, shati limemzidi. Alipomwona Mama Taa hakungoja hata shikamoo yake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Uliniambia pete nzima, mimi nikakuharibia. Sijui niliuvuta vipi. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nilishusha kijiko polepole kama mtu anayechota uji."

Mama Taa aliona afadhali angetukanwa. Afadhali mzee angemrukia pale pale na kumkaba koo.

Meneja alisoma taarifa: uzembe wa dereva, mshtuko, leseni ya mtambo kufutwa. Akasukuma karatasi mbele. "Mzee, kama huna la kusema, weka sahihi."

"Sina," alisema Mzee Kijiko. "Mkono huu ndio uliomuua shemeji yangu. Mke wangu mwenyewe hasemi nami. Siku kumi na mbili nalala barazani." Akaitafuta kalamu, akaiweka ncha yake juu ya mstari.

"Usiweke sahihi," Mama Taa alisema.

Alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameichapa wiki moja kabla na kuitembeza kila siku kwenda kazini na kurudi nayo. Ilikuwa kumbukumbu ya mlango wa saba, ile ambayo mashine hujiandikia yenyewe bila kumwogopa mtu: umefunguka Jumanne, saa tatu na dakika nne, haukufungwa kwa siku kumi na tisa.

Meneja alisoma, akasoma tena. "Lakini fomu zako zote zinasema..."

"Zinasema nzima. Niliandika mimi. Ilikuwa imekatika darajani, nami nilijua. Na habari ya mshtuko niliitunga hapa hapa ofisini kwako. Hakuna kitu kama hicho."

"Kwa nini?"

Mama Taa aliutazama ubao ulio nyuma ya meza. Meneja naye aligeuka kuutazama, amewapa kisogo. Aliporudisha uso alikuwa amezeeka. Alimwambia Mama Taa arudi nyumbani angoje barua, akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye ataandika ya kwake.

"Sijaelewa," alisema Mzee Kijiko. "Niambie kama unavyomwambia mtoto. Mimi sikukata?"

"Ulikata, mzee wangu. Lakini ungekata siku pete ni nzima, hakuna hata mtu mmoja mjini angejua. Simu zingegeuka, zingepita darajani. Nilikwambia ushushe kijiko na mimi najua daraja limekufa. Ningesema majembe, ungechukua majembe."

"Ningechukua majembe," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Mama Taa alingoja kelele. Mzee alikaa tu, viganja juu ya magoti, anaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta. Kisha akasimama, akavaa kofia yake.

"Ofisini umeshasema," alisema. "Nyumbani bado."

"Mzee wangu, nitakuja, lakini leo..."

"Leo. Mimi nikimwambia atasema najitetea. Twende."

Walitembea. Haikuwa mbali, mitaa mitano, jua la saa sita. Mama Taa alijaribu kuyapanga maneno na kila aliloliweka mbele lilianza na "lakini", akalitupa, mpaka wakafika hana hata moja. Aliwaza kwamba angeweza kukata kona na kukimbia, mtu mzima na mkoba wake, na kwamba mzee asingemfukuza.

Nyumba ilikuwa na baraza fupi la saruji. Pembeni palikuwa na mkeka uliokunjwa, mto, na shuka lililokunjwa vizuri juu yake. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani iliyofunikwa kanga, na kando yake gauni la mtoto lenye mkono mmoja tu, mkono wa pili ukiwa bado umebanwa kwa pini.

Mke wa Mzee Kijiko alikuwa mwanamke mrefu, ametulia kama maji ya mtungi. Alimpita mumewe kwa macho kama anayepita kiti, akamtazama mgeni.

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayetazama pete ya mawasiliano." Akajikaza. "Siku ile mzee alinipigia simu kabla ya kuchimba. Aliniuliza kama ni salama. Nilimwambia ni salama, na haikuwa. Nilijua haikuwa. Simu zako hazikufika kwa sababu yangu."

Alisema yote, akiwa wima mlangoni, viatu miguuni: daraja, fomu, tai ya meneja, na lile neno la mshtuko alilolitunga ili mwingine abebe lawama. Hakulia, maana aliona kulia mbele ya mwanamke huyu kungekuwa kumwomba kitu. Alipomaliza, nje mtu alipita akiburuta ndoo, kelele yake ikaenda ikaisha.

Mke wa Mzee Kijiko alimgeukia mumewe. Alimtazama kuanzia kofia mpaka vumbi la viatu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali.

"Kuna maji ya moto jikoni," alimwambia. "Nenda kaoge. Na huo mkeka uingize ndani."

Mzee akauokota mkeka, akapita ndani akiwa ameukumbatia, na mlango wa nyuma ukasikika.

Mama Taa alishusha pumzi. Akashika mkoba wake, akarudi hatua moja kuelekea barazani.

"Unakwenda wapi?" mwanamke alimuuliza. Alivuta kiti cha cherehani, kile cha marehemu, akakiweka katikati ya chumba. Yeye akaketi kwenye kigoda, mikono mapajani. "Kaa. Umesema siku kumi na tisa. Nataka kuzisikia moja moja. Siku ya kwanza ulikuwa unafanya nini?"