Mkia wa Kimeng'enya

Kwa miaka mitatu mtafiti alikuwa akiukata mkia. Kila kimeng'enya alichokiandaa maabarani alikipunguza ncha yake ndefu, legelege, kwa sababu ilipepea ovyo na kuzuia fuwele kuota; na bila fuwele, umbo la kimeng'enya halisomeki. Ndivyo mkuu wa maabara alivyomfundisha, na ndivyo naye alivyofundishwa. Mkia ni makapi tu, alisema mkuu; kazi iko mdomoni, pale kimeng'enya kinapobandika fosfati kwenye protini nyingine na kuipa habari ya kupeleka mbele: kua, gawanyika, tulia.

Kisha shangazi yake, aliyemlea tangu akitambaa, akaugua saratani ya damu. Majibu ya vipimo yalionyesha kwamba kimeng'enya kile kile alichokichunguza maabarani kilikuwa kikiziamuru seli zake zigawanyike bila kikomo. Mtafiti aliyasoma mara mbili, akidhani macho yanamdanganya. Mdomo ulikuwa mzima. Hitilafu ilikuwa mkiani.

"Makapi yanauguaje?" alimuuliza mkuu wake.

Mkuu alikuwa mtu wa haki, ila mgumu kama mpingo. Akampa miezi minne ya kuuchunguza mkia, bila siku ya nyongeza.

Hakuukata tena. Akabadilisha chumvi, akabadilisha baridi, akamwaga sahani baada ya sahani, mpaka wenzake wakaanza kumwita Mama Mkia. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, akiwa ameinamia hadubini, aliona vipande vinne vya fuwele vinang'aa kama chembe za sukari. Akabana pumzi, utadhani vingeruka.

Picha ya umbo la kimeng'enya ilipokamilika, mkia ulikuwa umejikunja na kuuziba mdomo kama kiganja. Kwa hitilafu ile, mkia wa kimeng'enya cha shangazi usingeweza kuufikia mdomo na kuufunga.

Alimkuta shangazi wodini, ameegemea mto, akamwonyesha picha kwenye simu na kumweleza. Shangazi akataka kujua kama dawa imepatikana.

"Bado, shangazi. Ila sasa tunajua pa kuitafutia."

"Kwa hiyo changu hakijui kufunga mdomo." Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Marehemu mume wangu angesema kimenirithi."

Kisha akaivuta simu karibu, akakunja uso.

"Na hicho kizima, kikishafumbwa mdomo, nani anakifumbua?"

Mtafiti hakuwahi kujiuliza hilo. Akavuta kiti, akaketi, wakaikuza picha kwa vidole, wakaanza kuitazama upya kutoka pembeni.