Mlango Mmoja, Majenerali Wawili

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Nilikuwa namwambia chai inapoa, sikujua kwamba naongea peke yangu. Naandika nisije nikasahau, maana mazishi yake kila mtu anayasimulia kwa namna yake na kila mtu anaongeza chumvi.

Alikuwa katibu wa kamati ya pamoja ya ulinzi wa mpaka. Sisi na nchi jirani tunatenganishwa na mto, na kamati ndiyo iliyopanga askari wa nani walinde wapi. Lakini kazi yake kubwa, alivyokuwa akisema mwenyewe, ilikuwa milango. Jenerali wetu na jenerali wa ng'ambo hawakukubali mmoja amtangulie mwenzake kuingia mahali, kwa kuwa anayetangulia ni nchi kubwa na anayefuata ni nchi ndogo. Basi akawatafutia ukumbi wenye milango miwili inayotazamana, akawafundisha kuingia kwa pamoja, yeye kasimama katikati akiwapa ishara ya kidole. Hata chooni walikwenda wote wawili, au hakwenda mtu.

Miezi ya mwisho hawakukutana kabisa. Boti ya doria ya ng'ambo ilisombwa na maji, askari wake wamelala fofofo, ikaja kukwama upande wetu. Vijana wetu wakaipaka rangi yetu. Ng'ambo wakaitaka boti yao na rangi yake ya zamani. Sisi tukataka kwanza waombe radhi kwa kuingia bila hodi. Mume wangu akawa wa kwenda na kurudi mpaka viatu vikaisha soli.

Siku ya mazishi wakaja wote wawili na maafisa wao. Kuingia hakukuwa na taabu: wetu alipitia mlango wa mbele, na wa ng'ambo akazunguka akapitia jikoni, akamwomba wifi yangu asogeze sufuria. Taabu ilikuja wakati wa kutoka. Jeneza lilikuwa sebuleni, na jikoni halipiti. Ilibidi litoke kwa mlango wa mbele, na kila jenerali alitaka kushika mbele.

Mlinzi wa makaburi alikuwa amesema wazi kwamba anafunga geti saa kumi na moja, na asiyewahi atarudisha maiti yake mochwari. Saa kumi ilikuwa imeshapita. Mume wangu alikuwa mtu wa kusikia baridi, hata kiangazi alivaa sweta. Sikutaka alale kwenye lile friji usiku mwingine.

"Shemeji," akaniambia jenerali wetu, "mbele tutashika sisi. Marehemu ni raia wetu."

"Raia wenu, ila ametutumikia wote," akasema wa ng'ambo. "Nikishika nyuma, kesho magazeti yataandika tumeburutwa."

"Basi shika ubavuni."

"Ubavu upi?"

Wifi akashika kiuno. "Jamani, huyu ni kaka yangu, si mpaka."

"Dada, mambo haya tuna uzoefu nayo," akasema jenerali wetu.

"Naona. Boti mmeshairudisha?"

Afisa mmoja akapendekeza jeneza litoke kwa ubavu, ili pande zote zitoke sawa. Wakavua mkanda wa suruali wakapima mlango. Halienei. Mwingine akauliza kama dirisha lile nalihitaji sana. Wa tatu akasema iundwe kamati ndogo, na wenzake wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaanza kutafuta viti.

Tangu Jumanne nilikuwa sijasema la maana na mtu. Nikasimama.

"Anayetangulia ni yeye," nikasema. "Nyinyi nyote mnafuata."

Nikawaita majirani wawili, muuza nyama na fundi cherehani, pamoja na wapwa wawili wa marehemu. Wakaliinua wakatoka nalo upesi, kama watu wanaohamisha kabati.

Majenerali wakabaki wakitazamana mbele ya mlango ulio wazi. Kisha wakafanya kama walivyofundishwa: wakaenda kwa pamoja. Wote wawili ni watu wa afya. Wakakwama pale katikati, tumbo kwa tumbo, na medali za mmoja zikanasa kwenye kamba za bega la mwenzake. Wifi akawasukuma kwa bega mpaka wakachomoka, lakini kunasuka hawakunasuka.

"Tusubiri kidogo tuwafungue," akasema afisa mmoja.

"Hakuna kusubiri," nikasema. "Waende hivyo hivyo."

Wakatembea wameshikana kama maharusi mpaka makaburini. Mimi nilikuwa nyuma yao, nawasikia.

"Unanikanyaga."

"Wewe ndiye unayeingia upande wangu."

"Upande wako unaishia wapi?"

Halafu wa ng'ambo akauliza, "Ile rangi mliyopaka, ni ya mafuta?"

"Ya mafuta. Tabaka mbili."

"Yetu ilikuwa inabanduka."

"Tuliona. Hata mbao zilishaanza kuoza."

"Basi ije na rangi hiyo hiyo."

"Na kuingia bila hodi je?"

Wa ng'ambo akashusha pumzi. "Hodi," akasema.

"Karibu," akajibu wetu.

Tulimkuta mlinzi ameshika kufuli mkononi. Alipowaona majenerali wawili wamenasana akasahau alichotaka kufanya, nasi tukapita. Tukamzika mume wangu jua lingali juu. Nililia pale kwa mara ya kwanza, na wifi, ambaye alikuwa bado anacheka, akalia pamoja nami.

Siku hizi boti inafanya doria mtoni ikiwa na rangi yetu na bendera yao. Kamati imeanza kukutana tena. Kila upande unamkataa mtu wa upande wa pili, kwa hiyo nafasi ya katibu bado iko wazi.