Wageni wa Brightness

Haya nilisimuliwa na Penina, jirani yake Paulina kule Msalato, siku alipokuja kwangu tukapepeta uwele baada ya mavuno. Alisimulia akiuangalia ungo, mimi hakuniangalia.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Paulina alikuwa kizingitini anachambua mlenda. Binti yake Brightness, wa darasa la tatu, amejilaza kwenye kochi na simu ya mama yake, anacheza gemu la bunduki. Paulina ni karani serikalini, hurudi amechoka, na mtoto yule bila simu haachi kuuliza maswali. Basi simu alizoeshwa tangu chekechea.

Wakaingia uani wanaume wenye mabuti na makoti mazito, vumbi limewajaa. Paulina akajua ni vibarua wa uwanja mpya wa ndege, maana hupita pale kuomba maji. Akawatandikia mkeka. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa, kwa hiyo hakuuliza. Walipokunywa, maji yakatokea kwenye matundu ya risasi vifuani mwao, yakalowesha mkeka. Paulina akaenda kuchukua tambara.

Aliporudi akawauliza wametokea wapi.

"Kwa huyu binti," akasema mmoja mwenye mvi.

Akaeleza taratibu kwamba Brightness ndiye aliyewaua, wao na wengine ambao bado wako njiani. Hawakuja kugombana. Shida yao ni kwamba hakuna aliyewalilia, na mtu asiyeliliwa hawezi kwenda anakokwenda. Mtoto akiwalilia kidogo tu, wataondoka.

Brightness akatoka ndani. Wanaume wote wakasimama, wakavua kofia, wakainamisha vichwa.

"Shikamoo," wakamwambia.

"Marahaba," akajibu, macho kwenye simu. "Mama, chaja iko wapi?"

Paulina akajifunika uso kwa pembe ya kanga. Watu wazima, wengine umri wa babu yake, wanamwamkia mtoto kwa kumwogopa. Akataka wamalize waende upesi, kwa sababu jioni ile sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yake.

Muda haukumtosha. Wanajumuiya walipofika na kuona watu wamekaa mkekani, wakajua kuna msiba. Wanawake wakarudi majumbani mwao kuleta kuni na unga. Mwenyekiti wao, mzee Castory, akauliza majina ya marehemu ili awaombee. Hawakuwa nayo, hakuna aliyewahi kuwapa. Ikabidi aombe hivyo hivyo, "hawa unaowaona hapa."

Kisha akaitwa Brightness awalilie.

"Hao si watu," akasema. "Wakifa wanarudi."

"Si ndio hao wamerudi," Penina akamwambia.

Mtoto akawatazama. Akafumba macho, akayakaza, akakunja uso wote. Chozi halikuja. Akauliza kama anaweza kwenda kumalizia gemu. Mwenye mvi akasema asilazimishwe, wao watasubiri.

Wanawake wakaona aibu, wakaamua kumsaidia kulia. Lakini watoto waliokuja nao walikuwa wanakimbizana kati ya sufuria, wanapiga kelele. Basi, ili watu walie kwa utulivu, kila mama akampa mwanawe simu. Watoto wakakaa ukutani kimya, vichwa chini, vidole vinabofya. Kilio kikaenda vizuri.

Waliposema amina, wanaume wengine walikuwa wamejaa langoni hadi barabarani, mabuti yana vumbi, wanangoja kukaribishwa. Wanawake wakaangalia masufuria yao. Mzee Castory akatangaza kwamba wiki ijayo sala ni kwa Penina, watu wakachukua watoto wao wakaondoka. Wafu wakawapisha njia. "Shikamoo," wakawa wanawaambia watoto, mmoja mmoja, na watoto wanaitika huku wanatembea.

Paulina akawaingiza wale wa langoni. Mikeka ilipokwisha akatandika vitenge, vitenge vilipokwisha akashusha mapazia.

Akaenda kumlaza Brightness. Mtoto akadai simu ili apate usingizi. Mama akasema leo hapana. Brightness akaanza kulia, machozi ya kweli, kwa sauti iliyofika nje.

Uani wakasimama. Mwenye mvi akavaa kofia yake, akafunga vifungo vya koti, akamshika mkono kijana aliyekuwa karibu naye. Paulina aliwaona dirishani. Akafikiria majirani wanavyomsikia mtoto wake akilia hivyo, siku hii hii aliyowanyima wageni chozi. Akampa simu.

Kilio kikakatika. Nje, mwenye mvi alingoja kidogo, kisha akavua kofia, akakaa. Wenzake nao wakakaa.

Paulina akakaa kitandani mpaka mtoto aliposinzia. Akaitoa simu mkononi mwake, akaichomeka kwenye chaja isije ikazima kesho, naye akalala.