Ncha ya Pili ya Shuka

Miye sina subira na watu wanaowapenda wazee wao mpaka wawamalize. Wifi yangu Haula, dada wa marehemu mume wangu, ni bibi wa kuamkiwa shikamoo na nusu ya mji wetu wa Palma, lakini bamvua likifika, maji yakijaa na kupwa kupita kiasi, tulikuwa naye baharini tukitanda uduvi. Kutanda ni kazi ya wanawake wawili: huyu ncha hii ya shuka, yule ncha ile, maji ya kifua, mnakokota mpaka mapaja yawake moto. Wenzetu wa rika walipokezana vikohozi kila msimu wa baridi. Haula, wallahi, mafua yalikuwa yakimwogopa.

Mwanawe Tarique alipopata kazi kwenye mradi wa gesi, akaona haya. Watu watasema nini, yeye anapokea mshahara na mama yake anarowa? Akamnunulia kiti cha plastiki, akamweka barazani. Haula akatii. Mtoto akikuheshimu, utamkataliaje?

Basi akakaa, na miye nikakaa, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Haukupita mwaka, mafua yakaijua njia ya nyumba yake. Yakitoka haya yanaingia mengine, na kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kufunga. Nikaanza kuogopa kumzika.

Nikampakia kwenye pikipiki hadi kwa Gracinda, nesi wa zahanati, Tarique akatufuata. Gracinda alikisafisha kidonda, akampa dawa, kisha akamuuliza zamani alikuwa akifanya nini. Akatueleza kwamba mwili una askari wake wa kupigana na maradhi, nao huzeeka kama sisi. Watafiti wanaona mazoezi huenda yakawachelewesha kuzeeka, na ya majini yanawafaa wazee kwa kuwa maji hubeba uzito, magoti yasiumie. Si kinga ya kila kitu, alisema, ila kidonda kikipona mama arudi baharini.

Kila jioni Tarique alipiga magoti akausafisha mguu ule kwa mkono wake, mpaka ukapona.

Bamvua likaja, na nani kaanguka na homa? Miye! Nikamtumia Haula salamu asubiri, nikalala na uchungu wangu. Mara nikasikia vicheko pwani, nikajikokota kwenda kuchungulia.

Tarique, jitu zima lenye ndevu, kasimama majini na nguo zake za kazi, kashika ncha yangu ya shuka. Mwanamume kutanda, Palma nzima ikiona! Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuiachia.

"Mama, taratibu," alisema akitweta.

"Kaza mwendo, mwanangu," Haula akamjibu. "Nimekaa vya kutosha."

Nilimpenda kijana yule siku ile kama niliyemzaa. Nikapita barazani kwa Haula, nikakalia kile kiti cha plastiki, nikalia kwa raha.