Mkono wa Tatu wa Mama Pacha

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mafundi wa karakana ya sare walimfuata bosi ofisini kumuuliza kipi kianze, suruali au sketi. Bosi alikuwa mtu mpole; hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Aliinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai, akatabasamu.

"Nyinyi ni watu wazima. Jipangeni."

Wakajipanga. Wa suruali wakagombania cherehani na wa sketi mpaka wakanuniana. Fundi mgeni, ambaye hakuna aliyeambiwa amfundishe, akajishona kidole. Kila tatizo likaishia kwa mkata vitambaa, waliyemwita Mama Pacha, kwa kuwa hakujua kusema hapana. Alikata, akasuluhisha, akapokea wateja wenye hasira, na akirudi nyumbani alilala na viatu.

Jumanne, akiwa anakata kola, mkono wa tatu ulichipuka chini ya kwapa lake la kushoto. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye kucha safi, ila wa baridi kidogo.

Fundi wa vifungo aliutazama. "Dada, hebu nishikie hapa."

Mkono ukashika.

Nyumbani, mumewe alitoboa blauzi zake zote upande wa kushoto, akapinda kingo vizuri. Watoto waligombea kuushika wakivuka barabara.

"Mama, huu hauchoki?"

"Unachoka. Mwenye kuumwa ni mimi."

Fundi mgeni alipoacha kazi, Mama Pacha alikwenda ofisini.

"Bosi, nakuomba, njoo ukae nasi hata asubuhi moja. Utuambie nani afanye nini. Tunaumia."

Bosi aliutazama ule mkono kwa furaha ya kweli, akaushika, akautikisa.

"Unaona sasa? Ningekuwa nawafuatafuata, ungeota huu? Mimi nawaamini."

Alimaanisha. Mama Pacha akashukuru, akarudi kwenye meza yake.

Wiki iliyofuata fundi wa vifungo alikuja asubuhi akijikuna ubavuni. Alisubiri wenzake waende kunywa chai, kisha akainua blauzi. Palikuwa na vidole viwili, vidogo kama vya mtoto mchanga.

"Kumbe na wewe," alisema Mama Pacha.

"Tangu jana. Vitaniuma?"

"Siku za mwanzo tu."

Akachukua tepu ya kupimia, akampima taratibu kuanzia kwapani.

"Tuache pindo kubwa," alisema. "Mkono utarefuka."