Rangi Yenye Miguu

Jengo lilipakwa rangi miezi miwili baada ya fundi kumzika mkewe, na hawakumwita yeye. Miaka thelathini na moja ameshika brashi, anakaa humo humo ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, lakini msimamizi wa jengo akaenda kuokota vijana watatu huko anakojua mwenyewe, wakapaka korido siku mbili bila hata kupiga msasa. Ndivyo walivyo wenye vyeo. Kazi wanampa asiyeijua, halafu anayeijua wanambandikia tangazo mlangoni: usiguse, rangi mbichi.

Kwa hiyo fundi alipoona vidoa vyeupe kwenye ua la marehemu, hakuhitaji kuuliza mtu.

Ua lenyewe lilikaa ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, juu ya kistuli, kwenye dirisha linalotazama korido. Majani yake mapana kama viganja, kijani cha kung'aa. Marehemu alilileta likiwa kijiti chenye jani moja, amelizungushia kitambaa kibichi, akalilea miaka kumi na miwili. Siku zake za mwisho wodini, wakati wanazungushwa kutoka chumba hiki kwenda chumba kile na kila mkubwa anasema mwenye sahihi hayupo, alimshika mumewe mkono akamwambia, "Ukisahau kula, shauri yako. Ila yule wa dirishani usisahau kumpa maji."

Fundi hakusahau. Jumatano kikombe kimoja, Jumamosi kikombe kimoja. Vingine vyote humo ndani vilikuwa vimelala: redio, saa ya ukutani, upande wa pili wa kitanda. Ua peke yake ndilo lililokuwa likiishi, naye alijiapiza kwamba halitafia mikononi mwake.

Vidoa vilianzia kwenye mikunjo, pale jani linaposhikana na shina. Rangi ya maji imeruka, alisema fundi. Wiki ya pili majani yakaanza kunata. Hiyo sasa ni ya mafuta, wameichanganya na mafuta ya taa, ndiyo maana haikauki. Wiki ya tatu sisimizi wakapanga foleni kwenye shina, naye akalaani takataka za ngazini ambazo ofisi haizoi. Akaketi akaandika barua kwa herufi kubwa zilizopanda mlima: RANGI YENU IMEHARIBU UA LA MKE WANGU, NATAKA MAJIBU. Akaitia kwenye bahasha, akashuka nayo ofisini, karani akaipokea. Kimya.

Wiki ya nne majani mawili yakaanguka. Fundi akaona akisubiri majibu ya wakubwa atabaki na ndoo tupu. Akatoa chupa ya thina chini ya kitanda, akachovya kitambaa, akafuta kidoa kimoja kimoja taratibu, kama anavyosafisha kioo baada ya kupaka fremu. Vikatoka vyote alivyoviona. Akalala moyo mweupe. Kulipokucha, majani sita yalikuwa ya kahawia, yamesinyaa kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.

Hapo ndipo alipompigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi cherehani.

Shemeji aliingia na mkoba wake, akasimama mlangoni, akavuta pua.

"Shemeji, umefungua gereji humu ndani?"

"Nimefuta rangi kwenye ua la dada yako."

"Rangi gani?"

"Ya hawa wa chini. Wamepaka kama wanamwagia bustani."

Shemeji alivaa miwani, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, pale anapozichomeka siku zote, akageuza jani moja lililokuwa bado zima. Kwa ncha ya sindano akabandua kidoa cheupe chenye manyoya kama pamba, akakiweka kwenye kiganja.

"Njoo utazame."

"Naiona. Rangi."

"Subiri."

Wakasubiri, vichwa vimekaribiana. Kidoa kikatulia kidogo, halafu kikaanza safari kuelekea kidole gumba.

"Shemeji yangu," akasema mwanamke, "rangi yenu ina miguu."

Fundi alitazama mpaka mdudu akafika kwenye pete. Amepaka shule, makanisa, misikiti, hata mochwari. Hajawahi kuona rangi ikitembea.

"Wanaitwa vidung'ata. Wananyonya maji ya jani. Huko kunata ni choo chao, kitamu, na sisimizi wamefuata sukari."

"Basi hao vijana ndio wamewaleta."

"Au walikuwepo miaka yote. Dada hakuwa akifuta majani kila Jumamosi?"

"Alikuwa anafuta vumbi."

"Alikuwa anafuta juu na chini. Tangu lini vumbi likakaa chini ya jani?"

Jumamosi zote hizo fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile na chai yake, akimchokoza mkewe: waoshe na masikio hao wanao. Naye mkewe anacheka, anageuza jani, anafuta chini yake. Hakusema sababu, na fundi hakuuliza.

"Mimi aliniambia maji tu," akasema fundi.

"Alikuwa mgonjwa, shemeji. Mgonjwa hamalizi kusema yote."

Fundi akashika ukingo wa ndoo. "Litapona?"

"Sijui. Uliyoyachoma ndiyo yamekwenda. Lete mkasi."

Wakakata yaliyoungua na yaliyojaa wadudu, wakayafungia kwenye mfuko wa plastiki. Yakabaki saba. Shemeji akakoroga sabuni kidogo kwenye beseni la maji, wakaosha jani baada ya jani, juu na chini. Kwenye mikunjo, pale kitambaa kisipofika, fundi alipitisha pamba yenye spiriti kwa mkono wake uliozoea pembe za dirisha.

"Mayai hatuyaoni," alisema shemeji akijifuta mikono. "Kila Jumamosi unaosha. Kisha tandika karatasi nyeupe chini, gonga majani, uangalie kinachotembea. Ukiruka wiki moja, wamerudi. Na hii thina naondoka nayo."

Jumatatu fundi alishuka ofisini kuchukua barua yake. Karani akaitoa chini ya rundo. Bahasha ilikuwa bado imefungwa. Ingefaa ashukuru, maana aibu yote ilikuwa humo ndani haijasomwa. Badala yake ikamchoma.

"Wiki mbili hamjaifungua?"

"Bosi ana vikao, baba."

"Na kama ningeandika nyumba inaungua?"

"Si ungepiga simu, baba."

Msimamizi akachungulia mlangoni. "Mzee, kuna tatizo?"

Fundi aliikunja bahasha. Habari ya ua hakuwa nayo tena. "Korido yako haikupigwa msasa. Itabambuka."

"Basi ikibambuka tutakuita."

"Kwa barua?" akasema fundi, akapanda zake ngazi.

Jumamosi ya kwanza aliichana bahasha, akaitandaza ile barua juu ya kistuli, maandishi yakitazama chini, akagonga majani. Wakaanguka kumi na mmoja, wakatambaa huku na huku, akawakandamiza kwa pamba. Jumamosi ya pili wanne. Ya tatu wawili, na jani moja likawa njano, akalikata, yakabaki sita. Siku ile hakunywa chai. Ya nne mmoja tu.

Jumamosi ya tano, kileleni palikuwa na jani jipya, limejiviringisha kama sigara. Fundi akavaa miwani, akagonga. Kidoa kimoja cheupe kikadondoka juu ya karatasi.

Akainama. Akasubiri kidoa kitembee, pamba mkononi, pumzi ameibana. Hakikutembea. Akakigusa kwa ncha ya ukucha. Kikavunjika vipande viwili, vikavu. Akainua macho kwenye dirisha lililokuwa wazi. Juu ya fremu, upande wa korido, rangi ya ukuta ilikuwa imeanza kubambuka.

"Rangi," alisema fundi.

Akakipuliza. Kisha akachovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua, akageuza jani la kwanza na kuanza kufuta nyuma ya masikio.